Kwa kipimo gani tuamini maktaba za msimbo tusizoziandika wenyewe?

Fundi wa Ziwani (Mwanza)

Ndugu zangu, heshima kwenu. Nina swali linalogusa kazi yetu ya kila siku, na ningefurahi kujibiwa na watu waliolifikiria kwa kina kuliko mimi.

Mimi na wenzangu wawili tunaandika mfumo wa kutunza hesabu za SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo. Upande wa seva tunatumia Node.js, inayoendesha msimbo wa JavaScript, na hifadhidata ya PostgreSQL, na upande wa mtumiaji ni kurasa nyepesi zinazofunguka hata kwenye simu ya bei ndogo, kwa sababu wahasibu wengi wa vyama hivyo hawana kompyuta ofisini. Maktaba, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa na wengine, tulizozichagua sisi wenyewe hazifiki thelathini. Hata hivyo, kila moja imekuja na za kwake, na hizo za kwake zikaja na nyingine, mpaka folda ya node_modules sasa imebeba vifurushi mia kadhaa ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvifungua akavisoma. Mfumo huo unashika akiba za wavuvi, walimu na akina mama wa sokoni.

Mjadala ulizuka baina yetu baada ya tukio la tarehe 8 Septemba 2025, pale mtunzaji wa vifurushi vya npm (ghala la mtandaoni tunakopakua maktaba hizi) vinavyotumika duniani kote, vikiwemo chalk na debug, alipodanganywa kwa barua pepe iliyojifanya imetoka npm yenyewe, akaingiza neno lake la siri mahali pasipostahili, na wavamizi wakatoa matoleo yenye msimbo wa kubadilisha anwani za sarafu za kidijitali ili fedha ziende kwao. Yaligunduliwa na kuondolewa ndani ya saa chache. Mwenzetu mmoja anasema sasa imetosha, tuandike kila kitu wenyewe. Mwingine anasema tukifanya hivyo hatutamaliza mfumo, na tutakachomaliza kitakuwa kibovu kuliko tulichokikimbia.

Mpaka sasa kipimo chetu kilikuwa idadi ya nyota kwenye GitHub, tovuti ambako miradi huweka msimbo wake, na idadi ya watu wanaopakua kifurushi kwa wiki. Chalk ilikuwa na vyote viwili kwa wingi. Je, ninyi mnaamua kwa kipimo gani?

Mlinzi wa Seva (Mombasa)

Ndugu Fundi, nyota na upakuaji hupima umaarufu tu. Havikuambii ni nani anayeshika ufunguo wa kutoa toleo jipya, wala mtu huyo yuko katika hali gani. Kisa kinacholieleza jambo hili vizuri kuliko vyote ninavyovijua ni kile cha xz, na naomba nikisimulie kwa urefu, maana wengi wanakumbuka kichwa cha habari tu.

Programu ya xz hubana mafaili, na maktaba yake iitwayo liblzma imo karibu katika kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, aliyeifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Mwaka 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kutuma marekebisho madogo madogo yaliyoandikwa vizuri. Mwaka 2022 yakatokea majina mengine katika orodha ya barua pepe ya mradi, yasiyokuwa na historia ya kuchangia chochote, yakamlaumu Collin kwamba anachelewesha marekebisho, kwamba mradi umedorora na kwamba amkabidhi mtu mwingine. Collin aliwajibu kwa upole kwamba amekuwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akawakumbusha kwamba kazi hiyo haina malipo. Msaidizi aliyekuwa karibu wakati huo alikuwa Jia Tan, na kufikia mwaka 2023 ndiye aliyekuwa akitoa matoleo.

Toleo la 5.6.0 lilitoka Februari 2024, na 5.6.1 likafuata Machi. Hapa ndipo ufundi wa wale watu unapostahili kutazamwa kwa karibu. Mradi wa kubana mafaili huwa na mafaili ya majaribio, na baadhi yake huharibiwa kwa makusudi ili kuhakikisha kwamba programu itayakataa. Hakuna mkaguzi anayeweza kuyasoma kwa macho, kwa kuwa ni mfululizo wa baiti. Jia Tan aliongeza mafaili ya namna hiyo, na moja aliliita bad-3-corrupt_lzma2.xz, jina linalotangaza kwamba ni bovu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kulikuta limejaa takataka. Humo mlifichwa maagizo, na ndani ya faili jingine, good-large_compressed.lzma, mlifichwa mlango wa siri wenyewe. Kilichobaki ni mkono wa kuyafungua wakati programu inajengwa. Mkono huo uliwekwa katika faili la build-to-host.m4, lakini si katika hazina ya Git, inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, ambayo kila mtu huiangalia. Uliwekwa katika furushi la toleo, lile ambalo wasambazaji wa Linux hulipakua na kujenga kutokana nalo. Aliyekagua Git hakuona kitu, na aliyejenga kutokana na furushi alijenga pamoja na mlango.

Lengo lilikuwa sshd, huduma tunayoitumia kuingia kwenye seva zetu kwa mbali. Huduma hiyo yenyewe haiitumii liblzma hata kidogo. Lakini Debian na wasambazaji wengine walikuwa wameongeza kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo, ili sshd iwasiliane na systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, na maktaba ya systemd huivuta liblzma. Yaani uhusiano uliotumiwa na wavamizi haukuandikwa na watunzaji wa OpenSSH, mradi unaotoa sshd, wala na watunzaji wa xz. Ulizaliwa katikati, mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyejiona ana wajibu wa kupaangalia.

Aliyeligundua ni Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, alipokuwa akipima kasi ya hifadhidata hiyo kwenye toleo la majaribio la Debian. Aliona sshd inatumia nguvu nyingi za kichakataji na kuingia kunachelewa kwa karibu nusu sekunde, akafuatilia mpaka akafika kwenye chanzo, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Hitilafu ilipewa namba CVE-2024-3094 na alama 10 kati ya 10 za ukali. Matoleo hayo mawili yalikuwa bado hayajaingia katika matoleo thabiti ya Debian wala Red Hat Enterprise Linux.

Kwa hiyo, ninapoletewa maktaba mpya, ninafungua orodha ya mabadiliko yake kabla ya kutazama nyota. Natazama ni watu wangapi wana mamlaka ya kutoa toleo, kama walibadilika karibuni, kama wanajibiwa wanapouliza na kama wanapumzika. Mradi unaoendeshwa na mtu mmoja aliyechoka, huku watu wakimpigia kelele, ni mradi ambao mlango wake uko wazi hata kama msimbo wake hauna kosa. Sisemi uukimbie. Nasema ujue kwamba umemtwika mtu huyo akiba za wavuvi wako bila yeye kujua.

Bi Hifadhidata (Dodoma)

Nakubaliana na Mlinzi katika kila alilosimulia, lakini naogopa kwamba yule mwenzenu anayetaka kuandika kila kitu atasoma kisa hicho na kujiona ameshinda. Naomba nimjibu yeye moja kwa moja.

Ndugu yangu, kuna kazi ambazo ukikosea unaona, na kuna kazi ambazo ukikosea huoni. Ukiandika mwenyewe sehemu ya kupanga safu za jedwali, kosa litaonekana kwenye skrini siku hiyo hiyo na mhasibu atakupigia simu. Ukiandika mwenyewe sehemu ya kusimba data au ya kutengeneza funguo, kila kitu kitaonekana kinafanya kazi, majaribio yote yatapita, na utaishi na kosa hilo mpaka siku atakapoligundua mtu asiyekutakia mema.

Mfano ulio bora ni wa Debian. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji, alifuta mistari michache ya msimbo kwa sababu chombo cha kukagua kumbukumbu kilikuwa kinailalamikia. Alifanya hivyo kwa nia njema na baada ya kuuliza. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingiza vitu vya kubahatisha kwenye kiini cha kutengenezea funguo. Baada ya kufutwa, kilichobaki kubadilika kilikuwa namba ya mchakato peke yake, ambayo haizidi 32,768. Kwa karibu miaka miwili mashine za Debian na Ubuntu zilitengeneza funguo ambazo mtu angeweza kuziorodhesha zote na kuzijaribu moja baada ya nyingine, na wakati wote huo kila mwenye seva aliona mambo yanakwenda sawa. Ilitangazwa Mei 2008. Kama mtu mzoefu, anayegusa maktaba iliyokomaa, anaweza kuharibu kiasi hicho kwa kufuta mistari michache, mimi na wewe tutaandika nini kutoka mwanzo?

Saa na majira nazo zimo katika kundi hilo hilo. Najua wengi wetu huandika saa tatu mbele ya UTC, saa ya dunia, ndani ya msimbo na kuendelea na shughuli, kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zote ziko hapo na hakuna kubadilisha saa za kiangazi. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudi nyuma saa moja. Aliyetegemea hifadhidata ya majira inayotunzwa chini ya IANA, shirika linaloratibu namba na majina ya intaneti, alisasisha kifurushi kimoja tu, na aliyekuwa ameandika yake ilimbidi atafute ndani ya msimbo wote kila mahali alipoweka tatu.

Upande wa pili, yako mambo ambayo hamkupaswa kuyategemea tangu mwanzo. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa vifurushi vyake kwenye npm baada ya mzozo kuhusu jina la kifurushi, na kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 ya kuongeza herufi upande wa kushoto wa neno. Miradi mikubwa kama Babel ilishindwa kujengwa mpaka npm iliporudisha kifurushi hicho. Leo JavaScript ina padStart ndani yake. Na ninyi, Ndugu Fundi, kama mnatumia Node ya karibuni, angalieni ni vingapi kati ya vifurushi vyenu vimekwisha kupitwa na Node yenyewe: tangu toleo la 18 inayo fetch ya kuomba data mtandaoni, ina chombo chake cha kuendeshea majaribio, tangu toleo la 20 inasoma mafaili ya mpangilio kwa --env-file, na hata kupaka rangi maandishi kwenye terminali, kazi ambayo ndiyo chalk yote, inafanywa na util.styleText. Mkipita humo kwa siku moja ya kazi, nadhani mtashangaa jinsi orodha itakavyopungua bila kuandika maktaba hata moja.

Fundi wa Ziwani (Mwanza)

Dada na kaka, nawashukuru sana. Tumekaa leo tukapitia orodha kwa jicho alilotuelekeza Bi Hifadhidata, na ni kweli kwamba vifurushi kadhaa vilibaki kwa mazoea tu. Mwenzetu aliyetaka kuandika kila kitu amekubali kwamba masuala ya usimbaji hatutayagusa.

Limebaki jambo moja linalotusumbua. Baadhi ya washauri wanasema tufunge matoleo na tusiyaguse, kwa sababu msiba huja na toleo jipya. Wengine wanasema tusasishe kila wiki, kwa sababu msiba hukaa katika toleo la zamani. Nikiangalia xz, wa kwanza wana haki. Nikikumbuka hitilafu nyingine, wa pili wana haki. Ninyi mnatendaje?

Nahodha wa Pwani (Dar es Salaam)

Nitaanza na hili la kufunga matoleo, lakini kwa sababu ambayo wenzetu wa Ulaya na Marekani hawaitaji mara kwa mara.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na kwingineko. Ofisini kwetu tulikuwa na rekebisho dogo la kupeleka kwa mteja, mstari mmoja wa hesabu ya riba. Msimbo ulikuwa tayari, seva ya mteja iko hapa hapa mjini, na mtandao wa ndani ya nchi ulikuwa unafanya kazi. Kilichokwama ni ujenzi, kwa kuwa mtambo wetu wa kujenga huanza kila mara na folda tupu na kuomba vifurushi vyote upya kutoka npm, nje ya nchi. Kila kimoja kilikuwa kinakuja kwa kusuasua kisha kinakatika. Tangu siku hiyo tuliweka Verdaccio kwenye seva ya ofisi. Ni programu huria inayokaa kati yako na npm: kifurushi kikiombwa mara ya kwanza hukipakua na kukihifadhi, na kikiombwa tena hutoa nakala iliyo nayo. Kwa nchi zilizo mwisho wa waya kama zetu, mimi sioni kama hilo ni anasa.

Na ukishakuwa na ghala lako, unapata pia mahali pa kusimamisha mlinzi. Sisi tunajenga kwa npm ci badala ya npm install, ili kinachowekwa kiwe kile kile kilichoandikwa katika package-lock.json, faili linaloorodhesha toleo la kila kifurushi, pamoja na alama zake za uthibitisho, na si kilichotoka jana usiku. Tunazima pia maagizo yanayojiendesha wakati kifurushi kinawekwa, kwa --ignore-scripts, kisha tunaruhusu vile vichache ambavyo haviwezi kufanya kazi bila maagizo hayo. Kuhusu matoleo mapya, tunayaacha yapoe kwanza. Wanaotumia pnpm, chombo mbadala cha kupakulia vifurushi vya npm, wana mpangilio uitwao minimumReleaseAge unaokataa toleo ambalo halijafikisha umri uliowekwa. Fikirieni tukio hilo la chalk: matoleo mabaya yaliishi saa chache tu. Mradi wowote uliokuwa umejiwekea kusubiri siku tatu usingeyaona kabisa.

Mlinzi wa Seva (Mombasa)

Nahodha, kusubiri ni kuzuri, ila naomba tusiwaache wasomaji na fikra kwamba kusubiri peke yake ni usalama.

Desemba 2021 iligundulika kwamba Log4j, maktaba ya Java ya kuandikia kumbukumbu za mfumo, inasoma maandishi inayoyaandika na, ikikuta humo agizo la namna fulani linaloanza na ${jndi:, inakwenda kwenye anwani iliyotajwa, inaleta msimbo na kuuendesha. Maana yake ni kwamba mtu aliweza kuandika agizo hilo kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji, mfumo ukalirekodi kama jaribio la kuingia lililoshindwa, na kwa kulirekodi tu seva ikawa yake. Uwezo huo ulikuwamo tangu mwaka 2013. Ilipewa alama 10, kama xz, na kisha ikabidi matoleo ya marekebisho yafuatane haraka, 2.15.0, 2.16.0 na 2.17.0, kwa kuwa la kwanza halikuziba kila mwanya. Mtu aliyejiwekea kungoja wiki mbili kwa kila toleo alikuwa wazi kwa wiki mbili nzima huku mashine za wavamizi zikipekua intaneti usiku na mchana.

Kwa hiyo, Ndugu Fundi, swali lako lina majibu mawili kwa sababu ni maswali mawili. Toleo linaloleta mapambo na uwezo mpya, lisubiri kwa utulivu. Toleo linaloziba hitilafu iliyokwisha kutangazwa, lisome siku hiyo hiyo, na kama mfumo wako unahusika, liweke. Tofauti hiyo huwezi kuiona kama hujui ulichonacho ndani. Siku ya Log4j taabu kubwa katika ofisi nyingi haikuwa kuweka rekebisho. Ilikuwa kujua ni mifumo ipi iliyoibeba, kwa kuwa mara nyingi ilikuwa imezama tabaka la tatu au la nne, ndani ya bidhaa iliyonunuliwa. Weka orodha kamili ya vifurushi vya kila mfumo uliokabidhi kwa mteja, pamoja na matoleo yake, mahali unapoweza kuitafuta kwa dakika moja. Orodha hiyo ni faili tu, na package-lock.json ya siku ya kukabidhi inatosha kwa kuanzia.

Mzee wa Uasin Gishu (Eldoret)

Wanangu, nimewasoma kwa furaha. Mmezungumza sana kuhusu namna ya kujikinga na watu hawa tusiowajua, na kidogo tu kuhusu namna ya kuwajua.

Hapa Eldoret tuna historia yetu katika jambo hili. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kuandikwa mwaka 2004, ulikulia katika kliniki za mpango wa afya wa AMPATH hapa magharibi mwa Kenya, kwa ushirikiano na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, na sasa unatumika katika nchi nyingi. Waliouendeleza hawakuwa watu wa mbali peke yao. Vijana wa hapa walijifunza kuandika kiraka, kukituma, kukataliwa, kukirekebisha na kukituma tena. Mtu aliyepita njia hiyo anajua kutoka ndani jinsi mabadiliko yanavyokubaliwa katika mradi, na kwa sababu hiyo anaweza kunusa mapema mambo yanapokwenda kombo. Hakuna chombo cha kukagua kitakachokupa pua hiyo.

Mlinzi amesema jambo kubwa kuhusu mtunzaji aliyechoka. Mwaka 2014, hitilafu ya Heartbleed ilipotangazwa, watu walishtuka kusikia kwamba OpenSSL, iliyolinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeifanyia kazi muda wote, na kwamba michango ya hiari iliyoipata ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Mabenki yaliitumia. Serikali ziliitumia. Kila mmoja alidhani kuna mwenzake anayelipa.

Najua kampuni ya watu watatu Mwanza haina dola za kugawa. Lakini mtunzaji anahitaji vitu vingine pia. Mkikuta hitilafu, iandikeni vizuri: toleo gani, mfumo endeshi gani, hatua kwa hatua mpaka inapotokea, na mfano mfupi unaoirudia. Ripoti kama hiyo inamwokolea mtu jioni nzima. Mkiweza, tumeni na jaribio linaloshindwa. Mkiona watu wanamshambulia mtunzaji kwa kuchelewa, msikae kimya. Andikeni neno la adabu la kumtetea. Collin aliandamwa na sauti zilizoonekana kama za watumiaji wengi, na laiti watumiaji halisi watano wangesema hapana, mwacheni apumzike, sauti zile zisingemlemea namna ile. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ni jambo ambalo mtu yeyote kati yetu anaweza kulifanya leo, akiwa na simu na barua pepe.

Bi Hifadhidata (Dodoma)

Mzee, shikamoo. Ningependa kuongeza kwamba katika kila maktaba tunazozitegemea, huwa ipo moja au mbili ambazo zikifa nasi tunakufa. Kwenu, Ndugu Fundi, bila shaka ni ile inayowaunganisha na PostgreSQL. Zichagueni hizo mbili, mzisome msimbo wake kwa zamu, mjiunge na orodha zake za matangazo. Mia kadhaa hamtaziweza, lakini mbili mtaziweza.

Fundi wa Ziwani (Mwanza)

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Wiki ijayo tunaanza kuondoa vifurushi ambavyo Node imekwisha kuvipita, tunaweka Verdaccio kwenye mashine tuliyonayo, na kila mmoja wetu atachukua maktaba moja ya kuisoma.

Swali la mwisho, linalotokana na maelezo ya Mlinzi. Katika xz, furushi la toleo lilitofautiana na Git. Je, hilo linawezekana npm pia? Maana tulipokuwa tukisema tunakagua, tulikuwa tunasoma GitHub.

Mlinzi wa Seva (Mombasa)

Linawezekana, na limekwisha kutokea. Mwaka 2018 mtunzaji wa event-stream, kifurushi alichokuwa hakitumii tena, alimkabidhi mtu aliyejitolea kukiendeleza. Mtu huyo aliongeza kitegemezi kipya, flatmap-stream, na msimbo mbaya wa kuiba fedha kutoka pochi ya bitcoin iitwayo Copay ulikuwa katika faili lililobanwa ndani ya kifurushi cha npm, wala hukuuona ukisoma GitHub. Kinachofika kwenye seva yako ni kile alichokipakia mtunzaji, na npm hailazimishi kilingane na hazina yoyote.

Mnapokagua, basi, kagueni kilichopakiwa. Amri ya npm pack ikifuatiwa na jina la kifurushi na toleo itawaletea furushi lenyewe, mlifungue na kulisoma. Mnapotoka toleo moja kwenda jingine, npm diff itawaonyesha tofauti za mafurushi mawili kama yalivyo kwenye npm, si kama yalivyo Git. Tangu mwaka 2023 baadhi ya vifurushi vina pia uthibitisho wa asili, unaoonyesha vilijengwa kutokana na mabadiliko yapi ya hazina na kwenye mtambo gani, na npm audit signatures inaukagua kwa kila kifurushi kilicho nao. Anzeni na zile maktaba mbili alizozitaja Bi Hifadhidata. Mkikuta faili lililo kwenye furushi na halimo Git, waandikieni watunzaji na kuwauliza kwa adabu linatoka wapi. Mara nyingi ni matokeo ya ujenzi tu, na mtunzaji mwema atawaeleza namna ya kulitengeneza wenyewe ili mlinganishe.